Chupa Tatu za Maji ya Kware

Sweden,
Jumapili asubuhi

Kwako Baba,

Nakusalimu, na safari hii nakuomba uipokee salamu kabla hujaikunja barua. Goti linaendeleaje? Mama alinieleza kwamba gathano ya mwaka huu, hiyo baridi ya katikati ya mwaka, imekuwa kali, kwamba ukungu unakaa Gatongora mpaka saa nne na wewe unavaa lile koti lako la kazi hata ndani ya nyumba. Vaa, usimsikilize anayekucheka. Na dawa ya presha usiiache eti kwa sababu umepata nafuu. Nafuu yenyewe inatoka kwa hiyo dawa.

Mimi ni mzima. Nakula vizuri, nalala vya kutosha, na kanisani naenda nikikumbuka. Hapa ni kiangazi chao, watu wamelala kwenye nyasi za mjini kama mahindi yaliyoanikwa, na jua linachelewa kuzama mpaka mtu anasahau kupika. Chai yao bado sijaizoea. Ni maji yenye rangi, na ukiomba maziwa wanakuwekea tone moja kama dawa ya macho.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yangu hushiki. Silaumu, naeleza tu ilivyo. Ujumbe wangu wa WhatsApp hujaufungua hata mmoja, na wiki ya tisa hii inakwisha. Nilimuuliza Kamau kama uko sawa, naye mdogo wangu akanijibu kama kawaida yake: "Siz, buda amenuna mbaya. Hata mechi anaweka halafu anaangalia ukuta." Barua hii nimempa dada mmoja wa Juja anayerudi likizo. Nimemwambia akufikishie mkononi, akusalimie, anywe chai aende zake. Hajui kilichomo ndani.

Ni kuhusu zile chupa tatu. Nilipokupigia siku ile nilianzia mwisho wa habari, kwa hivyo leo niache nianze mwanzo.

Kazi yangu unaijua, lakini sijawahi kukueleza nikiwa nimetulia. Watu wa kwetu wakisikia nashughulika na DNA wanadhani naamua kesi za watoto. Mama Shiku wa duka aliwahi kunivuta kando akaniuliza kama ninaweza kumpima mjukuu wake kimyakimya. Nikamwambia hapana, mimi nasoma viumbe visivyo na baba. Akasema, "Haiya, basi hata huyu ni wako."

Viumbe vyenyewe ni vya seli moja. Mwili wako una seli nyingi mno, kila moja na kazi yake. Hivi vina moja tu, na hiyo moja ndiyo mdomo, ndiyo tumbo, ndiyo miguu. Vinaishi kwenye maji yaliyotulia. Ukiweka tone chini ya hadubini unaviona vikikimbia huku na huku kama watu wa Thika siku ya soko. Aina ninayoshughulika nayo ina viini viwili ndani ya mwili mmoja. Kimoja kinatumika kila siku, kingine kimewekwa kando kwa ajili ya kizazi kijacho. Ni kama bibi yangu Susu alivyokuwa na mahindi ya kula huku chini na yale ya mbegu juu ya moshi, na ole wako uguse ya juu. Ndani ya viini hivyo mmeandikwa maagizo yote ya jinsi kiumbe kinavyotengenezwa. Maandishi hayo yote kwa pamoja tunayaita jenomu. Kazi yangu ni kuyasoma, herufi baada ya herufi, na kujua yalivyopangwa.

Nilipokuja nyumbani mara ya mwisho nilitaka maji ya kware, yale machimbo ya mawe ya zamani upande wa Juja yaliyoachwa yakajaa maji. Kingo zake ni kali, ng'ombe hashuki, mtu hafui, kwa hivyo viumbe vya mle havijavurugwa. Lakini ile siku ya mwisho nilikwama Nairobi nikifuata kibali cha kuyasafirisha, nikitumwa dirisha hili na lile, na ndege ilikuwa kesho yake. Nikakupigia. Ukasema, "Mimi nitashuka." Nikakukumbusha goti. Ukasema goti halijaulizwa.

Niliporudi jioni nilikuta chupa tatu za soda zimepangwa mezani. Kila moja ulikuwa umeibandika karatasi: saa uliyochota, joto la maji, na chini yake kwa mwandiko wako wa kulala, "Maji yametulia. Hayana harufu." Nilicheka, maana sikuwa nimekuomba hayo yote. Ukanijibu kwamba mtu akipokea kitu kisicho na maandishi amepokea uvumi. Hayo ndiyo maneno ya mtu aliyepima maziwa ya watu maisha yake yote, na nilipaswa kuyasikia vizuri zaidi ya nilivyoyasikia.

Katika chupa ya tatu kulikuwa na kiumbe ambacho, kwa kadiri tulivyotafuta, hakuna aliyewahi kukisoma. Nilikupigia siku hiyohiyo. Jumapili yake, Mama akaniambia, ulisimama wakati wa matangazo ukawaeleza waumini kwamba Mungu ameweka kitu kipya pale kware na binti yako ndiye amekiona. Mzee mmoja akauliza kama kinauma. Mwingine akauliza kama kinaliwa. Nilifurahi sana, Baba. Sikukwambia wakati ule, kwa hivyo nakwambia sasa.

Shida ilianza nilipoyasoma maandishi yenyewe. Kiumbe kimoja kina DNA kidogo sana, haitoshi mashine. Kwa hivyo unakinyonya peke yake kwa kioo chembamba kama unywele, unakisafisha kwa kukihamisha kutoka tone hadi tone, unakipasua, halafu ile DNA yake unaiongeza kwa kemikali, mara nyingi mno, mpaka itoshe kusomwa. Njia hii ni nzuri lakini haina msamaha. Kama kuna chembe ya uchafu nayo inaongezwa pamoja. Vumbi la ng'ombe mmoja linatoka huko likiwa zizi zima.

Na nilichokikuta ni ng'ombe. Katikati ya maandishi ya kiumbe changu, vipande vya ng'ombe, vimetapakaa kila ukurasa. Profesa wangu, mama mmoja mtulivu asiyepandisha sauti, aliangalia kompyuta yangu akauliza, "Huyu ametoka wapi?" Nikajibu papo hapo, kabla hata hajakaa: chupa. Kwa sababu chupa za kwetu nazijua. Najua ile rafu ya jikoni, najua kwamba Gatongora nzima inabebea maziwa kwenye chupa za soda, za kwetu zikiwemo. Nilijiona mtu wa sayansi anayeijua nchi yake.

Ndipo nikakupigia. Hata habari ya mchana sikukupa.

"Baba, zile chupa zilikuwa za maziwa?"

"Zilikuwa za soda. Nilizinunua mpya, soda nikawapa watoto wa jirani. Nikazitia maji yaliyochemka, nikazisuuza mara tatu, nikazianika juani."

"Una uhakika?"

"Nani alikufundisha wewe kuosha chupa?"

Nami nikajibu, Mungu anisamehe, "Baba, mashine haidanganyi."

"Sawa, Daktari," ukasema, na simu ikakatika.

Mimi nilipewa jina la mama yako mzazi, na tangu nizaliwe hujawahi kuniita kwa jina lingine ila Maitu, mama yangu. Hata siku nilipovunja redio yako uliniita Maitu huku ukitafuta fimbo. Nilikaa na simu mkononi nikajua nimefukuzwa mahali, na nilijua kwa nini. Pale kituo cha maziwa Thika ulimrudishia shemeji yako mwenyewe mtungi mzima kwa sababu kifuniko kilinuka, ukamkosesha malipo ya siku hiyo, na Mjomba hakula kwetu mwaka mzima. Walikuita mkali, walikuita mkavu, kuna waliosema huna utu. Mchafu hakuna aliyekuita, hata wale uliowamwagia maziwa. Neno hilo lilitoka kwangu, mimi niliyelishwa mezani pako.

Siku chache baadaye Mama alinipigia kwa sauti ya chini, akiwa nje karibu na tangi. Aliniambia kwamba baada ya ile simu uliteremsha chupa zote za nyumba, hata ya mafuta ya taa, ukaziosha moja moja kwa maji ya moto, ukazipanga uani, kisha ukakaa kwenye kibao ukizitazama. Alipokuuliza unafanya nini ukasema, "Natafuta nilipokosea." Nilikaa chini kwenye ngazi za maabara. Wewe unajua mimi si mtu wa machozi, na sitaanza kujisingizia kwenye barua. Lakini nilikaa pale mpaka watu wakaanza kunizunguka kupita.

Na bado kuna jambo ambalo hulijui, nami ni afadhali ulisikie kwangu. Kabla ya simu ile kukatika nilikuwa nimeshaliandika. Kuna ripoti ambayo tunawapelekea wanaotoa pesa za utafiti, na kwenye ripoti hiyo niliweka mstari mmoja: "Inaelekea uchafu uliingia wakati wa kukusanya maji, kwa sababu ya chombo kisicho safi." Juu yake, mahali pa aliyekusanya, ni jina lako. Niliandika vyote viwili siku moja, kwa mkono huu ninaokuandikia.

Sasa nikueleze nilivyojua. Asubuhi moja nilikuwa nasubiri mashine ipoe, nikakukumbuka pale kituoni, kabla ya wakulima kufika. Ulikuwa unateka maji safi kwenye kopo refu na kutumbukiza laktomita ndani yake, ile bomba ya kioo ya kupimia maziwa, uone kama inasoma sifuri. Nilikuwa mdogo, nimekuja kukuletea uji. Mkulima aliyewahi kufika akakutania, "Mzee, leo unapima maji?" Ukamwambia, "Napima kipimo. Kikidanganya hiki, nitakuita mwizi bure."

Niliiacha kahawa yangu ilipokuwa. Nilichukua mirija mitatu ya plastiki, nikaweka zile kemikali zetu zote bila kiumbe chochote, bila tone la maji ya kware. Mitupu. Nikaifanyia kazi ileile na kuisoma. Yote mitatu ilikuwa na ng'ombe.

Kemikali moja tunayotumia ina protini inayotolewa kwenye damu ya ng'ombe, inasaidia kazi iende vizuri. Wanaoiuza huisafisha, lakini ile tuliyokuwa nayo haikusafishwa ikatakata. Ng'ombe alikuwa kwenye friji yetu, Baba. Nilichukua maji yaliyobaki katika chupa zako zote tatu, nikayapima kwa kemikali nyingine isiyo na kitu cha ng'ombe. Hakukuwa na ng'ombe. Nikarudia siku ya pili, maana sikutaka kukuletea habari nusu. Hakukuwa.

Kila mtu wa kazi hii anajua kwamba mirija mitupu inapimwa kwanza. Mimi hufundisha wengine hivyo, nasimama mbele yao na chaki. Safari ile sikufanya, na nimejiuliza kwa nini. Haraka ilikuwepo, lakini haraka si jibu. Jibu ni kwamba ilinijia rahisi kuamini uchafu umetoka Gatongora kuliko kuamini umetoka kwenye chumba cheupe ambacho hata hewa yake inachujwa. Hakuna mzungu aliyeniambia hivyo. Wazo hilo nililibeba mwenyewe, nikalitumia kwa baba yangu. Naona haya kwa hilo kuliko kwa ule mstari.

Nilienda kwa Profesa nikamwambia ripoti ibadilishwe. Aliniuliza kama nina hakika, kwa sababu tukikiri kwamba kosa ni la maabara, wale wenye pesa watauliza mbona mirija mitupu haikupimwa, na mkataba wangu unakwisha mwisho wa mwaka. Hakuwa ananitisha, alikuwa ananihesabia tu. "Ni mstari mmoja," akasema. "Hakuna atakayeusoma."

"Baba yangu anasoma kila kitu," nikamwambia.

Akanitazama, akavuta kiti. Tukaandika upya pamoja. Siku iliyofuata nilisimama mbele ya kikundi chote nikaeleza nilichofanya, kwa mpangilio, kama ninavyokueleza wewe. Hawakunicheka. Mmoja alitoka polepole akaenda kupima mirija yake mwenyewe.

Kama mkataba utaendelea, sijui. Wameuliza maswali, tumejibu, tunangoja. Ukikatika nitatafuta mwingine, na nikikosa nitarudi Thika nifundishe chuo, hilo halinitishi sana. Kiumbe chenyewe kipo. Vilikuwa vimebaki viwili katika sahani, nikavilisha punje ya mchele uliochemshwa, navyo vikagawanyika, na sasa ni vingi hata sivihesabu. Tumeanza kukisoma upya, safari hii kwa utaratibu. Wakikuuliza kanisani, waambie bado kipo, hakiumi, na binti yako alikichanganya na ng'ombe. Au usiwaambie lolote, utakavyoona.

Sikuandikii ili ushuke kware tena. Mtu akikutaka maji, hata akiwa ni mimi, mwambie goti limekataa. Wala sikuandikii uniambie kwamba si kitu. Ni kitu. Nilipima kazi yako kwa kipimo ambacho sikukipima, nikakuita mwongo kwa adabu, halafu nikayaweka hayo kwa maandishi watu nisiowajua wayasome. Nimekosa, Baba. Nisamehe ukiweza, na usipoweza sasa, chukua muda wako.

Ripoti mpya nimeiambatanisha, ukurasa wa nne, nimeupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Najua utataka kuusoma wenyewe, lakini macho yako hayapendi herufi ndogo, kwa hivyo nautafsiri hapa: "Maji yalikusanywa na Bwana Njoroge wa Gatongora, Ruiru, aliyeandika saa na joto la maji kwa kila chupa. Vyombo vyake vilikuwa safi. Kosa lilitokea katika maabara yetu."

Nisalimie Mama, umwambie nimeshona lile vazi alilonitumia na sasa linafunga. Nisalimie Kamau mdogo wangu, aache kulala na simu sikioni. Nisalimie Susu huko Matuu mkienda kumwona, na Tata Wangari, dada yako, pale sokoni Thika, umwambie siku hizi nanunua parachichi moja kwa bei ya debe lake. Msalimie na Mjomba, yule wa mtungi. Nadhani sasa namwelewa kidogo, na wewe nakuelewa zaidi.

Jumapili ijayo nitapiga saa nane, mkishatoka kanisani na kula. Sitapigia simu ya Mama, wala ya Kamau. Nitapiga yako. Ikiita mpaka ikatike, sitatuma ujumbe wala kumuuliza mtu. Nitapiga tena Jumapili inayofuata, saa hiyohiyo, na ile nyingine.

Binti yako,
Nyambura